Mwambao wa Zanzibar una wenyewe wangapi? Kwa nini tusiwe na mamlaka moja?

#1 Kaskazi_Njema

Wakuu, salaam.

Novemba 2020 ilipoundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, wengi tulisema sasa mambo ya bahari yamepata mwenyewe. Miaka imekwenda, na mimi naona wenyewe bado ni wengi kama zamani.

Nenda Chwaka maji yakitoka, simama ufukweni. Ile mikoko unayoiona ni ya Idara ya Misitu, na Misitu wako Wizara ya Kilimo. Samaki na mwani ni Uchumi wa Buluu. Kiwanja kilicho nyuma yako ni Ardhi. Akija mwekezaji anapitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, akishafungua hoteli yuko kwa Kamisheni ya Utalii, na kabla hajaweka jiwe la kwanza tathmini yake ya mazingira inakwenda ZEMA, mamlaka ya mazingira, iliyo chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Boti inayobeba wageni, usalama wake ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Halafu kuna halmashauri, na kuna sheha, kiongozi wa shehia (mtaa au kijiji), ambaye jambo lolote likiharibika ndiye anayepigiwa simu kwanza.

Hoja yangu: yaunganishwe yote. Mamlaka moja ya Mwambao, bodi moja, sheria moja, kuanzia mikoko hadi mwisho wa maji yetu. Mtu akikata mikoko, akijenga ukuta juu ya mchanga, akivua kwa juya (wavu wa kukokota), anashughulikiwa na mlango mmoja. Nani anapinga, na kwa nini?

#2 Domo_Kaya

Mamlaka moja maana yake Mkurugenzi Mkuu mmoja mpya, gari moja jipya la vioo vyeusi, na zile ofisi nyingine zote zinabaki palepale. Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

#3 Karani_Mstaafu

Mleta uzi umeanza vizuri ila umeanzia mwisho wa hadithi. Sisi tuliokaa ofisini tumeuona uvuvi ukihamishwa kama mtoto wa mitara. 2010 ulikuwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi. 2016 ukarudishwa Kilimo: Wizara ya Kilimo, Maliasili, Mifugo na Uvuvi, jina refu hata bahasha halitoshi. 2020 ukatolewa tena ukapewa wizara mpya. Kila safari ya kuhama, watu wanadhani kinachohama ni kibao cha mlangoni tu. Hapana. Yanahama mafaili, na mafaili mengine hayafiki. Anahama afisa aliyekuwa akijua kila diko, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, lina vyombo vingapi, anapelekwa kwenye mifugo kwa sababu cheo chake kiko huko. Hesabu za samaki za diko fulani zinakatika miezi kadhaa, kisha zinaanza na karani mpya asiyetofautisha changu na tasi.

Kwa hiyo mimi siamini dawa ni kupanga upya tena. Huenda kupanga upya ndiko kunakotuumiza. Sheria ya Uvuvi tuliyonayo ni Na. 7 ya 2010. Ina meno ya kutosha kwa juya na kwa baruti. Kilichokosekana ni mtu yuleyule kukaa kiti kilekile miaka kumi akaijua kazi.

#4 Kijana_wa_Bara

Mnahangaika bure. Samaki wenyewe wako bahari kuu, na bahari kuu pesa zake zote zinakusanywa Dar. Mamlaka yenu hata ikiundwa itasimamia kaa na chaza. Huku kwetu Bara tumeshamaliza hilo zamani, kila kitu cha bahari kiko mahali pamoja.

#5 Sheria_Kiganjani

#4 mkuu, umechanganya habari. Tuanze na bahari kuu. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu ni chombo cha pande zote mbili, sheria yake ya kwanza ni ya 1998, na makao yake makuu yako Fumba, Unguja, siyo Dar. Inashughulika na maji yaliyo nje ya maili 12, mpaka maili 200. Mipaka hiyo imo katika Sheria ya Bahari ya Kitaifa na Ukanda wa Kiuchumi ya 1989. Ndani ya maili 12 kuzunguka Unguja na Pemba, uvuvi ni wa Serikali ya Mapinduzi.

Hilo Kaskazi_Njema pia alisikie, maana #1 ameandika "hadi mwisho wa maji yetu". Baraza la Wawakilishi likitunga sheria ya mamlaka anayoitaka, mkono wake unaishia maili 12. Jodari wa meli za nje yuko mbele ya hapo.

Pili, eti Bara kila kitu kiko pamoja. Mikoko ya Rufiji iko chini ya Wakala wa Misitu. Hifadhi za Mafia (1995) na Ghuba ya Mnazi (2000) zina kitengo chake, kilichoundwa kwa sheria ya 1994. Leseni za uvuvi ni halmashauri na wizara. Mita 60 za ufukwe ziko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Pamoja kuko wapi hapo?

Tena mambo ya Muungano hayasomeki kwa jicho moja. Bandari ipo kwenye orodha ya Muungano, lakini Malindi na Mkoani ziko kwa Shirika la Bandari Zanzibar. Mafuta na gesi yapo kwenye orodha hiyohiyo, lakini tangu sheria ya petroli ya 2015 Zanzibar inasimamia yake, na 2016 ikatunga sheria yake yenyewe. Nayasema haya ili ijulikane kuwa kupanga upya kunawezekana pale watu wanapotaka. Katiba imekuwa kisingizio cha watu wasiotaka.

#6 Yakhe_Pemba

Wajuzi wa Mjini mnapanga wizara, hebu shukeni chini kidogo. Mimi nimo kwenye kamati ya wavuvi ya shehia, upande wa magharibi ya Pemba, ndani ya PECCA. Hiyo ni hifadhi ya mkondo wa Pemba, imetangazwa 2005, na kisiwa cha Misali kimo ndani yake.

Sheria inatutaka tuangalie vyombo vya wageni, tuzuie nyavu haramu, tuandike dago, yaani kambi ya wavuvi wageni, linapoingia: watu wametoka wapi, wana barua ya sheha wao, watakaa mpaka lini. Kazi hii hatulipwi. Boti tulipewa na mradi mmoja, mashine nzuri, na mradi ulipokwisha boti ikabaki na sisi tukabaki, mafuta yakaondoka na mradi. Usiku wa maji mafu, bahari isipojaa wala kutoka sana, tunaona taa za watu walioingia pale tulipopafunga, tunahesabu taa kisha tunakwenda kulala.

Ukimkamata mtu ndipo raha inapoanza. Unampeleka kwa sheha, sheha anasema polisi, polisi wanasema afisa uvuvi wa wilaya aje na sheria yake, afisa yuko semina. Wakati huo mtuhumiwa ni mjomba wa mwanakamati mwenzako, na juya lenyewe la tajiri mmoja ambaye ndiye anayekopesha nusu ya kijiji. Sasa niambieni, hiyo mamlaka moja itamfanya nini huyo tajiri?

#7 Kaskazi_Njema

#6 ami, umenisaidia mwenyewe. Hayo ya sheha, polisi na afisa ndiyo ninayoyalilia. Mlango ungekuwa mmoja usingezungushwa.

#3 shekhe, nakuheshimu, ila "tusihamishe tena kwa kuwa kuhamisha kunaumiza" ndiyo hoja iliyotufikisha hapa.

#8 Yakhe_Pemba

Mlango ungekuwa mmoja, kweli. Ungekuwa Maisara, Unguja, na mimi niko Pemba.

#9 BintiPaje

Naona mnazungumza samaki tu. Mwani je? Mwani uliletwa mwisho wa miaka ya 1980, ukaanza huku kwetu mashariki, na mpaka leo wanaofunga mwani wengi ni wanawake. Mama yangu amesomesha watoto kwa mwani. Nendeni mkaone kazi ilivyo: pegi zinapigwa mchangani wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, kamba inavutwa, na kila tawi linafungwa kwa taitai (kikamba chembamba) moja moja, mgongo umepinda na maji yanapanda. Maji mafu hakuna kwenda shamba, ni kukaa na kukata taitai.

Zamani akina mama walikuwa na kotonii, aina ya mwani inayouzwa bei nzuri. Maji yakazidi kupata joto, kotonii ikawa inaoza na kukatika, wakabaki na spinosam, aina nyingine ya bei ya chini. Wataalamu wanasema pelekeni kina kirefu, maji ya huko ni baridi. Sawa, lakini kina kirefu kinataka chombo na kujua kuogelea, na akina mama wengi wa rika la mama yangu hawakufundishwa.

Na hapo sijasema hoteli. Pale pwani yetu saa ya maji kujaa ni vishada vya wazungu wanaoteleza juu ya maji, kamba za mwani zinakatika, pegi zinang'olewa kwa sababu zinawachoma wageni miguu. Ukilalamika, hoteli ina karatasi. Karatasi ya kiwanja, karatasi ya uwekezaji, karatasi ya mazingira. Mama hana karatasi hata moja ya shamba lake la mwani. Analima pale kwa sababu bibi jirani yake alimwonesha pa kuanzia. Wizara ziwe moja au ishirini, asiye na karatasi ndiye anayesogezwa. Tatizo liko hapo, mimi naona.

#10 Domo_Kaya

Dada #9 amenifunga mdomo, na hii haitokei.

Ila #3 babu, hiyo ya mtoto wa mitara umeipata wapi? Sisi wenye mama wawili tunakutazama.

#11 Mchuruzi_wa_Malindi

Jamani, mnazunguka sana. Tafuteni palipo na pesa mtaona kwa nini hawataungana.

Nimo kwenye biashara ya samaki miaka mingi. Chombo kina leseni. Mvuvi ana leseni yake. Mimi mchuruzi nina kibali. Dikoni kuna ushuru wa mnada, na dalali naye ana chake. Ukisafirisha dagaa wakavu kwenda Kongo kuna karatasi ya afya, na ya forodha, na ya nani sijui. Mtalii akienda Mnemba analipa ada ya hifadhi. Kila risiti ina rangi yake kwa sababu kila risiti ina ofisi yake, na ofisi inaishi kwa risiti hiyo. Leo umwambie mkuu wa idara fulani kuwa ada yake inahamia mamlaka mpya, atakubali? Atakuandalia warsha ya siku tatu kuhusu umuhimu wa ushirikiano.

Hifadhi zote ni hivyo. Menai ilitangazwa 1997, Mnemba 2002, PECCA 2005, baadaye Tumbatu na Changuu–Bawe. Ramani imejaa hifadhi. Ila ukiuliza ipi ina doria ya kueleweka, utaambiwa ni ile yenye watalii. Pasipo na mtalii hakuna ada, pasipo na ada hakuna mafuta, na #6 keshasema pasipo na mafuta kuna nini.

#12 Karani_Mstaafu

#11 nakubaliana nawe nusu. Ada ya hifadhi haibaki yote kwa ofisi, kuna mgao unaorudi kwa shehia zinazozunguka, na ndiyo sababu vijiji vya jirani ya Mnemba vinaijali Mnemba. Umesahau Chumbe pia. Tangu 1994 ile inaendeshwa na kampuni binafsi chini ya makubaliano na Serikali, na matumbawe yake wanayasifu wanaoyajua matumbawe. Haina mamlaka kubwa nyuma yake. Ni kisiwa kidogo, mipaka inaonekana kwa macho, na askari wake wengi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani.

Domo_Kaya, mimi mwenyewe nina wake wawili, kwa hiyo nina ruhusa.

#13 Kijana_wa_Bara

Chumbe ni mfano wa matajiri. Mvuvi haruhusiwi kuvua pale. Mnasifu hifadhi ambayo mwenyeji anaitazama kwa mbali.

#14 Mvita_001

Hamjambo ndugu wa ng'ambo ya pili. Nawasalimu kutoka Mombasa.

Sisi Kenya tulipanga upya mambo kwa Katiba ya 2010, tukaleta ugatuzi. Uvuvi ukagawanywa: sera iko Nairobi, utekelezaji uko kaunti. Karatasini ni tamu. Kisha 2016 ikaja sheria mpya ya uvuvi ikaunda shirika la kitaifa la huduma za uvuvi, na 2018 tukapata walinzi wa pwani. Ukienda kwa bandari ya wavuvi leo utakuta BMU (kamati ya wavuvi ya ufukwe), afisa wa kaunti, afisa wa taifa, mlinzi wa pwani, na wa mikoko ambaye ni wa misitu. Tumegatua, kisha tukarudisha juu, kisha tukaongeza wa kati. Kwa hiyo anayesema shida ni Muungano, mimi sina Muungano na shida ninayo.

Kitu kimoja tulichofanya vizuri: wavuvi Wapemba waliokuwa Kwale na Kilifi miaka na mikaka bila vitambulisho, serikali iliwatambua 2023 kuwa jamii ya Kenya. Kabla ya hapo mtu alizaliwa Shimoni, baba kazaliwa Shimoni, na leseni ya uvuvi hapati kwa kuwa hana kitambulisho. Hapo #9 aliposema karatasi nikamwelewa sana.

#15 Yakhe_Pemba

#14 ahsante kwa kutuangalizia ndugu zetu. Mimi nina ami yangu huko, alikwenda dago na kusi moja akaoa hukohuko.

#13 hapo umesema kweli, ila siyo kila kufunga ni kufukuza. Kisiwa Panza, huku Pemba, walianza kufunga mwamba wa pweza wao wenyewe, kwa miezi, kisha wanafungua bamvua kwa siku chache. Pweza anakua mbio, wala haishi miaka mingi. Yule uliyemwacha akiwa mdogo utamkuta mkubwa, mradi jirani hajakutangulia usiku. Siku ya kufungua mwambani ni kama sikukuu, wanawake na mchokoo (fimbo ya kuchokolea pweza), wanaume na vyombo, wanunuzi wamekaa na mizani wanasubiri. Hakuna wizara iliyoamrisha lile. Waliamua kijijini, wakasaidiwa na watu wa mashirika kupima na kuandika.

Lakini nitasema na upande wa pili, msije mkanukuu nusu. Kijiji kikifunga, walioathirika kwanza ni wanawake wanaokwenda kwa miguu, maana wao hawana chombo cha kwenda mwamba mwingine. Na siku ya kufungua mwenye chombo na miwani ndiye anayevuna zaidi.

#16 Sheria_Kiganjani

Na hapo ndipo Serikali inapohitajika. Kamati ya shehia haiwezi kumfunga mtu wa shehia ya pili. Chwaka na Marumbi walishawahi kugombana vibaya, wa nyavu za kokota upande mmoja, wa madema (mitego ya samaki) upande mwingine, na kila upande una kamati yake na sababu zake. Mwamuzi asiye wa kijiji chochote ni lazima. Swali ni mwamuzi huyo awe mmoja au kila jambo na wake.

Kwa #9: shamba la mwani kutokuwa na karatasi ni pengo la kweli. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na matumizi yake yana utaratibu wa kupewa haki, lakini utaratibu ule ulifikiriwa kwa nchi kavu. Eneo linalofunikwa na maji kwa muda wa saa sita na kuachwa kwa saa sita limebaki katikati. Akipatikana wa kuandikisha mashamba ya mwani kijiji kwa kijiji, nusu ya ugomvi na hoteli inapata pa kusomewa. Hilo halihitaji wizara mpya.

#17 Bayou_Mswahili

Salaam kutoka Louisiana, Marekani. Kawaida nasoma tu, leo nimechokozwa, maana jimbo ninaloishi limefanya hasa anachokitaka mleta uzi.

Pwani ya huku inazama na kuliwa. Tangu miaka ya 1930 jimbo limepoteza takriban maili za mraba 2,000 za ardhi ya mabwawa, yaani vinamasi vya pwani. Mto Mississippi ulizungushiwa kingo ukaacha kumwaga tope kwenye mabwawa, kampuni za mafuta zikachimba mifereji, chumvi ikaingia. Na usimamizi ulikuwa kama wenu: kinga za mafuriko zina bodi zake, kila bodi na mji wake, na urejeshaji wa mabwawa una idara yake isiyozungumza na hizo bodi. Agosti 2005 kikaja kimbunga Katrina, mwezi mmoja baadaye kimbunga Rita. Novemba mwaka uleule bunge la jimbo likaunda mamlaka moja ya kulinda na kurejesha pwani. 2006 wananchi wakapiga kura kubadili katiba ya jimbo, bodi za kingo za eneo la New Orleans zikaunganishwa zikawa mbili.

Ilisaidia? Kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kuna mpango mkuu mmoja wa pwani, wa kwanza 2007, kisha 2012, 2017, 2023, na kila toleo linapita bungeni. Pesa za fidia ya ule mwago wa mafuta wa 2010 katika Ghuba ya Meksiko zilipokuja zilikuta mpango uko tayari. Lakini msishangilie. Mradi mkubwa kuliko yote ulikuwa kufungua mto kwa makusudi upande wa Barataria ili tope lijenge ardhi, takriban dola bilioni 3. Ulianza kujengwa Agosti 2023 chini ya gavana mmoja. Akaja gavana mwingine, na Julai 2025 ukafutwa. Mamlaka ni ileile, sayansi ni ileile. Wavuvi wa chaza na kamba walikuwa wanaupinga tangu mwanzo kwa sababu maji ya mto yasiyo na chumvi yangeua chaza wao, na hawakuwa waongo.

#18 Kaskazi_Njema

#17 Allah akuzidishie, huu ndio mchango. Umeona wakuu, inawezekana. Ila naona wao ilibidi wapigwe na kimbunga kwanza.

#19 Karani_Mstaafu

Umeona pia kuwa alipokuja mkubwa mwingine akafuta. Sijui mwenzangu unasoma mstari upi.

#20 Mchuruzi_wa_Malindi

Mimi nimeona dola bilioni 3. Hizo ukizigawa kwa mafuta ya boti ya #6...

#21 Kijana_wa_Bara

Mnalinganisha Louisiana na Unguja kweli? Tuwe serious basi. Hapa tatizo ni mchanga, watu wanajenga kila siku, mchanga wa kuchimba unakwisha, na hamjautaja hata mmoja.

#22 Domo_Kaya

Kijana wa Bara leo ametuonea huruma mchanga wetu. Alianza na jodari, ameishia mchangani. Kesho atataka karafuu.

#23 BintiPaje

#17 kaka, hebu niulize. Hao wavuvi wa chaza mliosema maji ya mto yangewaua chaza wao. Wana karatasi? Na ikitokea serikali imefungua maji, wanalipwa?

#24 Bayou_Mswahili

Karatasi wanazo dada. Wanakodi chini ya bahari kutoka kwa jimbo, vipande vyenye mipaka. Na kesi ilishatokea. Kuna mlango wa maji unaitwa Caernarvon, ulifunguliwa 1991 kupeleka maji ya mto yasiyo na chumvi kwenye mabwawa. Wenye vitalu vya chaza wakashtaki kuwa wameharibiwa. Mahakama ya chini ikawapa zaidi ya dola bilioni moja. 2004 Mahakama ya Juu ya jimbo ikafuta yote. Sababu kubwa mojawapo: mikataba yao mingi ya kukodi ilikuwa na kifungu kinachosema jimbo halitadaiwa likifanya miradi ya kurejesha pwani. Walitia saini.

#25 Mvita_001

Lamu wavuvi walishinda lakini. 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa ajili ya bandari mpya kuwaharibia maeneo ya uvuvi. Hawakuwa na vitalu wala mikataba ya kukodi bahari. Walikwenda na ushahidi kuwa wamevua pale tangu zama za mababu. Kulipwa kwenyewe kukawa hadithi nyingine, lakini hukumu ipo.

#26 Domo_Kaya

Kwa hiyo mwenye karatasi kashindwa na asiye na karatasi kashinda. Dada #9 mwambie mama asisaini kitu.

#27 Sheria_Kiganjani

#26 usipotoshe watu. Karatasi haina kosa, kifungu ndicho kina kosa. Na Lamu ushahidi ulikuwa pia kumbukumbu za wavuvi: nani anavua wapi, kwa chombo gani. Hizo ndizo kamati za shehia zinatakiwa kuandika, na wengi hawaandiki.

#28 Yakhe_Pemba

Tunaandika. Daftari la mwisho lilikwisha kurasa tangu kaskazi iliyopita.

#29 BintiPaje

Mnunuzi wa mwani wa kijijini kwetu ana karatasi moja aliwasainisha akina mama mwaka juzi alipowakopesha kamba na taitai. Hakuna aliyeisoma, iko ndani ya mfuko wa plastiki kabatini. Nitaipiga picha niilete hapa, nitafuta majina. #5 na #17 msitoke.

#30 Sheria_Kiganjani

Nipo. Piga na ukurasa wa nyuma.